Sauti Chini ya Bandeji

Kidoti aliomba maziwa ya moto yenye sukari nyingi, "kama ya kila siku." Mama yake akaduwaa. Katika miaka yake sita, Kidoti hakuwahi kuonja maziwa. Alizaliwa na utumbo usiofaa, akalishwa kwa mpira wa mshipani, mpaka siku kumi na moja zilizopita madaktari walipompandikiza utumbo wa mtoto aliyefariki ajalini.

Tangu hapo mama na mwana walikaa chumba cha peke yao, wageni marufuku. Baba alikuja mara moja, akapunga mkono nyuma ya kioo, akarudi kazini.

Mchana ule chumba kikaanza kunuka udongo mbichi. Tumbo la Kidoti likanguruma, kisha ngurumo ikageuka kilio chembamba cha mtoto, ilhali Kidoti mwenyewe alikuwa amelala fofofo, midomo imefumbwa.

"Mama?" sauti ikaita chini ya bandeji. "Mbona huji kunichukua?"

Nesi alipoingia, mama alimshika kiwiko. "Dada, umesikia?"

"Tangu juzi," nesi akanong'ona. "Nilidhani ni mimi tu."

"Nifanyeje?"

"Sijui, mama. Labda umwambie aende."

Nesi akatoka upesi. Mama akainama. "Toka. Huyu si wako."

Kilio kikakatika, na papo hapo mwili wa Kidoti ukawaka homa, na kile kipande cha utumbo kilichoachwa nje ya tumbo ili madaktari wakitazame, ambacho asubuhi kilikuwa chekundu kama ulimi, kikafifia, kikawa zambarau, kikaelekea weusi, naye mama akaelewa kwamba yule mtoto aliyefariki akiondoka ataondoka na utumbo wake.

Akaweka kiganja tumboni. "Usiende, mwanangu. Nisamehe. Kaa."

Wekundu ukarudi polepole. Jioni daktari alifurahi, akasema mwili umeupokea utumbo vizuri. Mama akaitikia kwa kichwa. Angemwambia nani? Mumewe angesema ni uchovu.

Mlango ulipofungwa, sauti ikauliza, "Nikikuita utaitika?"

"Nitaitika."

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Basi mwache huyu alale. Tuongee sisi wawili."

Mama akamgusa Kidoti bega. Akamtikisa. Akamwita kwa jina, tena na tena, na sauti iliyoitika kila mara ilitoka tumboni.