Mashubaka ya Nyumba ya Mihayo

Jioni hiyo Benedikta alitumwa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukaushwa. Mama mkwe wake, Mama Martha, alikuwa ameianika kwenye baraza ya zamani tangu asubuhi, na sasa jua la Bariadi lilikuwa linazama.

"Mama Kija, kaniletee ule ungo, umande usije ukaiharibu."

Kazi ndogo tu. Alimshika mkono bintiye Kija, mtoto wa miaka mitatu mwenye maswali mengi kuliko hakimu, wakaizunguka nyumba.

Na kuizunguka nyumba ile ilikuwa safari. Matajiri wa pamba wa huku wote walipenda kujenga, lakini baba yake Mzee Mihayo alipitiliza. Alikwenda Mwanza, akayaona majumba ya wakubwa wa jiji, akamtafuta fundi aliyeyajenga, Januarius, akamleta huku. Ndiyo ikasimama ile baraza yenye matao. Mihayo, baba mkwe wa Benedikta, aliporithi akaongeza upande wa madirisha ya vioo, kisha ghorofa yenye nguzo nene, na mwaka huu alichimba msingi mwingine upande wa magharibi. Juu ya paa nondo zilibaki zimesimama miaka yote. Nyumba haikuisha, na hakuna aliyekumbuka kusikia itaisha lini.

Benedikta ni mchoraji wa majengo, na alikuwa anaandika kitabu juu ya majumba ya kale ya Mwanza. Alikuja ukweni kuipima nyumba hii kwa sababu fundi ni yule yule. Kilichompendeza ni mashubaka. Kila upande ulioongezwa ulikuwa na shubaka moja ukutani, jembamba, limezibwa kwa lipu, na kila moja lina kimo chake. Mwanza nako aliyaona. Kwenye kitabu aliandika kwamba yalikuwa ya kuwekea taa, na sentensi hiyo aliipenda sana.

Mlango wa chumba cha zamani ulikuwa wazi kidogo. Ndimo alimolala baba mkwe. Mke wa mtoto haingii humo, wala hatupi jicho. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, hawakumsema mkwe.

Harufu ya saruji mbichi ilimpiga puani.

"Mayu..." sauti ya kizee ilimwita toka ndani, mama kwa Kisukuma.

Alipiga magoti palepale, macho sakafuni.

"Mwadila, baba," alisalimia.

"Mwadila... Ng'wizukulu wane, mjukuu wangu, amekua?"

"Amekua, baba."

"Nipimie kwa uzi... Nimshonee gauni la Krismasi."

Benedikta alifurahi hadi machozi yakamlengalenga. Mzee alitaka mjukuu wa kiume, na tangu Kija azaliwe hakuwahi kumuulizia. Leo anamshonea gauni! Na kupima mtoto kwa uzi ukampelekea fundi cherehani, nani hajafanya? Kizingitini palikuwa na uzi mweupe wa kunyooshea tofali. Alimsimamisha Kija, akampima toka utosini hadi kisiginoni, akakata kwa meno, akafunga fundo. Akaupitisha mlangoni kwa mikono miwili, kichwa chini, kama alivyofundwa.

Mkono uliupokea.

Baridi.

Umelowa... na uliacha mchanga kwenye vidole vyake.

"Imetosha," sauti ilisema.

Lakini Kija hakuwa mkwe wa mtu. Yeye alikuwa anatazama ndani moja kwa moja.

"Mama," alinong'ona. "Yule siyo babu."

"Shh! Adabu!"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyoambiwa. Benedikta alilisikia vizuri sana. Alichukua ungo, akarudi jikoni.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Mama Martha aliuliza, akitazama moto.

"Na baba. Ameomba kipimo cha Kija."

"Baba yenu yuko Lingeka kwenye ng'ombe. Tangu juzi."

Kuni zililia motoni. Mama Martha alikaa chini, akajifunika uso kwa kanga.

"Januarius alifia chumba kile, kazi haijaisha," alisema polepole. "Alisema nyumba kubwa haisimami bila mtu ukutani. Sisi tukacheka. Mimi nilimpimia mwanangu Jilala sare ya shule... Wifi yangu akampimia bintiye Winnie. Wote wawili hawakuvuka utoto. Mumeo Paschal alipona kwa kuwa alilelewa Mwamanyili, kwa bibi yake."

"Mbona hamuachi kujenga?"

"Tukiacha, baba yenu anaumwa. Na kila msingi ukichimbwa, anasafiri."

Benedikta alimtazama.

"Na wewe, mama... ulinituma michembe."

Mama Martha aliuvuta ungo, akaanza kuichambua.

Benedikta alikimbilia msingi mpya, mtoto mgongoni. Mafundi walikuwa bado hawajaanza kumwaga zege. Lakini mtaro ulikuwa umejaa, umesawazishwa vizuri, bado mbichi. Katikati kulichungulia fundo la uzi mweupe. Alilishika, akavuta kwa nguvu zote, analia, anaomba.

Uzi ukakatika.

Usiku haukuwakuta Bariadi. Huko Mwanza wanakoishi alisubiri homa, hakuna. Alisubiri kifafa, hakuna. Kija alikula, alicheza, aliuliza maswali yake, na Benedikta akaanza kupumua. Paschal alimcheka mkewe. Yeye huweka alama ya penseli kwenye fremu ya mlango kila Kija anapotimiza mwaka mwingine, na safari hii aliweka, akafuta, akaweka tena. Hakucheka tena baada ya hapo. Baadaye alikwenda kwao, akarudi na habari kwamba ukuta umefika kwenye linta, juu ya madirisha, na mafundi wameacha shubaka ambalo hakuna aliyewaagiza.

"La kimo gani?" Benedikta aliuliza.

Paschal aliigusa ile alama ya penseli mlangoni, kisha akaenda kulala.

Sasa Krismasi imefika tena. Asubuhi Benedikta alitoa sandukuni gauni alilomshonea Kija mwaka jana, likiwa la kumbana hata wakati ule. Alimvalisha, akamwomba Mungu zipu igome kufunga.

Zipu ilipanda mpaka juu, pale pale ilipofika mwaka jana.