Jani Lililolala Njaa

Risasi ya kwanza ilivunja kioo. Ya pili ilimpata mlinzi kifuani, akaanguka chali juu ya mifuko ya mbolea.

Tandu hakumtazama mara mbili. Alimruka, akasukuma mlango wa jikoni kwa bega, bastola ya Glock mkononi.

Mtu mmoja aliyekuwa akinywa chai aliinuka na kisu. Angekuwa na akili angeinua mikono. Tandu alimvunja pua kwa kitako cha bastola, kisha vidole, kisha akamfunga kitini kwa waya wa pasi.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

Mdogo wake alikuwa mtafiti wa mimea. Wanamagendo walimteka maabarani pamoja na vyungu vyake vya maharage na chupa ya ukungu aliokuwa akiuchunguza. Ukungu huo huziba mishipa inayotoa sukari majanini na kuipeleka kwenye mbegu. Shamba hubaki kijani, maganda matupu. Matajiri wa nje walitaka kuumwaga nchi nzima, kisha waje kuuza dawa. Na dawa ilikuwa kichwani mwa kijana huyo tu. Wakishaipata, hawana haja naye.

"Umechelewa, dada," mnywa chai akacheka, meno yamejaa damu. "Aliondoka jana na lori la maua. Vyungu vyake si hivyo dirishani? Vinaota jua tangu jana."

Redio ikakwaruza sikioni.

"Tandu, Mkuu hapa. Lori tumeliona, linakwenda mpakani. Lifuate. Sasa hivi!"

Jua la alasiri lilivipiga vyungu sawasawa. Akilifuata lori na kijana yuko hapa, atarudi kuchukua maiti. Akibaki na kijana yumo kwenye lori, ni yale yale. Tandu aliogopa, na hakuwa mtu wa kuogopa.

"Nipe muda kidogo, Mkuu."

"Muda wa nini?"

"Napika."

Alichuma jani, akalitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota. Akalihamishia kwenye kikombe cha spiriti kutoka sanduku la huduma ya kwanza, akakisimamisha kikombe ndani ya maji ya moto, jiko akalizima. Rangi ya kijani ikatoka, jani likapauka.

"We mama una wazimu? Watu wanakufa, wewe unachemsha mboga!" mnywa chai akamaka.

"Tulia ufundishwe. Jani likipata mwanga, linachukua maji na hewa, linapika sukari. Inayozidi linaiweka akiba, inakuwa wanga. Usiku linakula akiba yake. Sasa jani lililoshinda juani, ukilitia iodini, linakuwa jeusi."

Akalitoa jani, akalidondoshea iodini ya sanduku lile lile.

Akasubiri.

Jani likabaki na rangi ya iodini yenyewe, kahawia hafifu.

"Limelala njaa, likashinda njaa," alisema Tandu. "Vyungu hivi vilikuwa gizani. Mmevitoa mliposikia gari langu. Kama vyungu ni uongo, na lori ni uongo."

Njia ya mwongo ni fupi. Macho ya mnywa chai yalikimbilia mlango wa chuma wa chumba cha baridi, na alipoyarudisha Tandu alikuwa ameshayaona.

Aliinua sufuria ya maji ya moto, akaufungua mlango kwa teke.

Ndani walikuwa walinzi wawili. Wa kwanza aliyapokea maji usoni, akapiga yowe. Wa pili alifyatua gizani, akatoboa ukuta. Tandu alilenga pale ulipowaka moto wa bunduki.

Risasi mbili.

Wa pili akaanguka.

Aliyeungua akapapasa kutafuta silaha yake. Akaipata. Haikumsaidia.

Tandu aliwasha taa. Mdogo wake alikuwa amefungwa kwenye bomba, kucha za mkono mmoja zimeng'olewa zote, chupa ya ukungu miguuni pake.

"Sijawaambia, dada."

"Najua." Aliikata kamba, akaitupa chupa jikoni ndani ya tanuri, akafungua gesi mpaka mwisho, akaiwasha.

"Umejuaje niko humu?"

"Nimechemsha jani lako."

Kijana alimkodolea macho, kisha machozi yakamtoka. "Miaka yote nikikueleza mambo haya mezani, nilidhani unasinzia."

"Nilikuwa nasinzia. Lakini we mtoto unaongea sana."

Redio ikakwaruza tena. "Tandu, lori lina maua matupu! Uko wapi?"

"Nampeleka mdogo wangu hospitali, Mkuu. Leteni watu wa kufagia."

Alimbeba kijana mgongoni, akatoka naye taratibu.