Neno la Mwisho la Mzee Silvano

Saa moja na robo asubuhi, Jumatano, Mzee Silvano alikutwa amekufa jikoni kwake, Rungwe Mpya. Kisogo kilikuwa kimepasuka kwenye ukingo wa jiko la matofali. Penseli ilikuwa mkononi, na kando yake karatasi yenye maneno mawili: *Tharsisi guarda*. Mkoba wenye pasi yake ya kusafiria haukuonekana. Mwitaliano huyo alikuwa amechimba visima Kasulu na Kibondo kwa miaka thelathini na minane. Hakuoa. Ijumaa alikuwa aondoke, arudi kwa dada yake.

Sajini Shamsia, mjane aliyehamishwa kutoka Tanga, alimgeukia jirani aliyemkuta maiti.

"Mwalimu Niyubahwe, maneno haya yana maana gani?"

"Kiitaliano sikijui, afande. Ila Kifaransa nilikifundisha Burundi, na lugha hizo ni ndugu. *Garder* ni kutunza, kukaa na kitu. Anasema mkoba anao Tharsisi."

Mwalimu akaandika maelezo yake ya polisi mwenyewe, kwa mwandiko safi, kila z imekatwa kistari kiunoni.

Tharsisi, mrina asali, alikamatwa kabla ya saa tano.

"Jana ulifika kwa mzee?"

"Ego, ndiyo, afande. Saa kumi jioni nilimpelekea asali. Nikachungulia dirishani, nikaona anavutana mkoba na mtu. Mzee akaniona. Ugomvi wa watu siuingilii, nikaondoka."

"Mtu gani?"

"Alinipa mgongo."

Askari wenzake Shamsia walicheka. Shamsia hakucheka. Mwongo angetaja jina, asingetaja mgongo.

Alhamisi alirudi peke yake katika nyumba ile. Palikuwa kimya kama kwake. Miwani ya mzee ya kusomea ilikuwa imevunjika tangu Pasaka, majirani wote walijua. Lakini ndani ya kopo la biskuti kulikuwa na barua ya dada yake ya mwezi uliopita, imefunguliwa, na juu ya baadhi ya maneno mtu ameandika Kiswahili kwa penseli. Mzee hakuhitaji tafsiri ya lugha yake. Aliyemsomea ndiye aliyekuwa akijifunza.

Shamsia akampigia simu Sista Dorcas, aliyesoma Roma.

"Asili ya *guarda* ni neno moja la Wajerumani wa kale, lenye maana ya kulinda," alisema Sista. "Mlinzi hutunza, na mlinzi hutazama. Wafaransa, Wahispania na Wareno walishika zaidi kutunza. Waitaliano wakashika kutazama."

"Kwa hiyo mzee aliandika..."

"Tharsisi anatazama."

Shamsia akaishusha simu, akaitazama barua. Mstari wa nne: *guarda*. Juu yake: *tazama*. Z imekatwa kiunoni.

Saa tisa alasiri aliiweka barua hiyo mezani kwa Niyubahwe, pamoja na maelezo yake.

"Ulilijua neno hili, Mwalimu. Ukatupa maana ya Kifaransa makusudi."

Niyubahwe aliinuka, akautoa mkoba chini ya gunia la maharage.

"Mke wangu alifia kambi ya wakimbizi," alisema. "Watoto wako mbali, hawapigi. Miaka kumi na moja nimekula na Silvano kila siku. Nilijifunza lugha yake ili asiwe mpweke. Halafu nikamsomea mimi mwenyewe barua ya kumwita kwao. Nilitaka kuificha pasi tu, akose safari. Akavuta, nikaachia, akaanguka."

"Alikuwa hai ulipoondoka?"

"Alikuwa akiniangalia."

"Alikuwa na penseli, Mwalimu. Angeweza kuandika jina lako. Hakukushtaki; akaandika la shahidi, ili aliyeona ndiye aseme."

Niyubahwe akafunika uso, akalia bila sauti. Akauliza, "Afande, dada yake nani atamwandikia?"

Shamsia alitoa karatasi tupu kwenye jalada, akamsogezea. Kisha akavuta kigoda, akaketi kumngoja. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumuuliza amechelewa wapi.