Picha ya Jicho la Kushoto

Mtu yule hakutarajiwa.

Alishuka kwenye pikipiki aina ya Honda mbele ya kliniki ya macho, Kilwa Masoko. Akapangusa vumbi kwenye viatu vyake vya ngozi, akajibana kwenye benchi la wagonjwa wa kisukari.

"Jina?" aliuliza muuguzi Theresia.

"Klementi. Natokea Rasbura."

"Rasbura ya Lindi?" alidakia Mzee Ismaili, mchekeshaji wa foleni. "Basi sukari yako imekuja na nauli!"

Benchi zima likacheka. Klementi hakucheka.

Modesti Chilumba alicheka na wenzake. Hakuna aliyejua kwamba chini ya shati lake la dereva wa lori kulikuwa na bastola aina ya Makarov. Asubuhi hiyo amri ilikuwa imeingia kwenye Nokia yake.

*Samaki anatoka leo. Usimwache.*

Samaki ni mashine iliyokuwa ndani, ya kupiga picha za retina, ukuta wa nyuma wa jicho. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, kila kitu kiliingia nchini, na vingi vilitokea mlango wa nyuma. Mashine nyingine za hospitali zilikwisha kutoroshwa kwa bahari. Hii ilikuwa ya pekee kusini nzima. Mnunuzi wake, mgeni anayejiita Vikta, alikuwa anasubiri ndani ya boti nyeupe.

Theresia akamsogelea Klementi na kichupa cha dawa ya matone.

"Angalia juu."

"Mimi sihitaji hiyo."

"Hapa hakuna mkubwa, baba. Bila dawa mboni haifunguki, na mboni isipofunguka daktari haoni kitu. Hata huyu dereva nimemtia. Angalia juu."

Foleni nzima ilikuwa inamtazama. Klementi akaangalia juu.

"Modesti!" daktari akaita.

Modesti aliweka kidevu kwenye mashine. Ugonjwa wake ulikuwa wa kuigiza, kisingizio cha kukaa karibu na mzigo. Kipimo cha kidole kilikuwa kimesoma sukari kumi na saba. Alidhani kipimo ni kibovu.

Daktari Mwanaima, binti mwembamba aliyetoka chuoni juzijuzi, alitazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu.

"Kaka Modesti, unasikia kiu sana siku hizi?"

"Joto la Kilwa, daktari."

"Na usiku unaamka kukojoa mara nyingi?"

Modesti aliinua kidevu kutoka kwenye mashine.

Mwanaima akamgeuzia kioo. "Mashine hii inalipasua jicho kwa mwanga, kama unavyopasua kitunguu ukaona maganda yake. Mishipa ya damu bado mizima. Lakini tazama tabaka hili. Hizi ni neva. Za jicho la kushoto zimeanza kusinyaa kwa kisukari."

"Mbona naona vizuri?"

"Ndiyo. Wenzako hunijia wakati hawaoni tena, nami nabaki kuwapa pole. Wewe nimekuwahi. Niahidi kitu kimoja. Mwambie mkubwa wako wa kazi. Leo hii, siyo kesho. Watu hufika nyumbani wakaficha, wakaendelea kuendesha malori mpaka giza linawakuta barabarani."

Katika Idara ya ujasusi, mgonjwa hatumwi tena kazini. Kusema ni kuacha kazi pekee aliyoijua.

Lakini yule binti alikuwa anamsubiri.

"Naahidi."

Alitoka hadi kwenye bomba nyuma ya jengo, akayaacha maji yamwagike kichwani. Kwa dakika chache hakuwa jasusi. Alikuwa mtu mwenye jicho linalokufa kimyakimya.

Ndipo akamsikia Mwanaima akipiga kelele.

Klementi alikuwa amemwelekezea bastola daktari, aking'oa kichwa cha mashine na kukitia kwenye sanduku la alumini. Honda ikanguruma kuelekea gatini.

Modesti akakimbia.

Saa sita mchana. Jua likamwingia machoni kama chumvi. Mchanga, bahari, mabati, vyote vilikuwa weupe mmoja. Dawa ya Theresia!

Mbele yake pikipiki ikaparamia rundo la nyavu, ikaanguka.

Klementi naye haoni; alitiwa dawa ileile.

Klementi akainuka na sanduku. Akaisogeza simu puani, akainyoosha mbali, akatukana. Namba hazisomeki. Akakimbilia boti nyeupe ya kwanza aliyoihisi, yenye injini ya Yamaha, akaruka ndani.

Ilikuwa boti ya Bertha, mnunuzi wa pweza, aliyekuwa akipanga barafu na wanawake wenzake.

"Washa! Twende!"

"Twende wapi, mwanaume wa watu? Hata salamu hujatoa!"

Wanawake wakaangua kicheko. Bastola ikakokiwa. Kicheko kikakatika.

Modesti akainua Makarov.

Aliona vivuli tu. Kimoja ni mwizi, vingine ni akina mama. Kipi ni kipi?

Alikaza macho. Hakuna kitu. Jasho likamtiririka hadi kwenye kifyatulio. Hivi ndivyo itakavyokuwa, aliwaza. Siku moja, hivi, bila dawa yoyote.

Akashusha bastola. Akasogea ukingoni mwa gati.

"Bosi!" aliita kwa sauti ya nahodha aliyechoka kusubiri. "Siyo hiyo! Boti ya Vikta ni hii huku. Mbona hukupiga simu?"

"Sioni namba, pumbavu wee!"

"Basi lete sanduku kwanza. Hivyo ni vioo, vikizama tumekwisha. Haya, shika mkono wangu."

Klementi akakunja uso. Aliona kivuli na mkono.

Akatoa sanduku.

Kisha akatoa mkono.

Modesti akauzungusha mpaka ukalia, Klementi akaanguka kifudifudi botini. Bastola ya mwizi ikatumbukia majini, na Bertha, mwanamke wa kilo za kutosha, akamkalia mgongoni.

"Sasa salimia," alisema Bertha.

Modesti akamfunga pingu, kisha akampa Bertha simu. "Dada, nibonyezee namba ya mwisho."

"Na wewe? Leo wanaume wote vipofu!"

Simu ikaita mara moja.

"Samaki?" aliuliza Mkuu wa Idara.

"Yupo kikapuni. Mzima."

"Safi. Polisi wa majini wamemnasa Vikta karibu na Songo Mnara. Rudi Dar. Ile kazi ya Maputo uliyoiomba ni yako."

Modesti akageuza uso kuelekea kliniki. Daktari alimjua kama dereva wa lori. Hakuna mtu ambaye angewahi kumuuliza kama alitimiza ahadi.

"Mkuu, mpe mwingine."

"Unasemaje?"

"Nina kisukari. Neva za jicho la kushoto zimeanza kusinyaa. Nimepigwa picha leo."

Sasa Mkuu alizungumza kama rafiki.

"Ungemaliza Maputo kwanza, kijana wangu. Ukaniambia baadaye."

"Nimemwahidi mtu kwamba nitasema leo."

"Unajua utaratibu."

"Naujua."

"Bastola uikabidhi kituoni hapo Masoko."

"Ndiyo, Mkuu."

Polisi walipofika kumchukua Klementi, Modesti alikuwa amekwisha kuondoka. Alilibeba sanduku kwa mikono miwili, akaupanda mteremko taratibu, macho nusu yamefumbwa, bila kugeuka nyuma.

Juu, kwenye benchi la kliniki, foleni ilikuwa bado inasubiri.