Hela ya Mbao Hailipi Nyumba

Mama Pacha alikuwa akichambua mchele aliposikia hodi. Mumewe, fundi seremala, aliweka kikombe cha chai chini taratibu, akanyata hadi chooni, akajifungia. Watoto wao pacha walinyamaza bila kuambiwa. Walikuwa wameshazoea.

Ndivyo walivyoishi siku hizi. Nyumba yao waliijenga kwa mkopo, na hati ilikuwa benki kama dhamana. Mwanzoni walilipa rejesho la kila mwezi bila shida. Kisha hoteli iliyokuwa ikimpa Fundi kazi ya vitanda na makabati ikafungwa. Pato likapungua, lakini rejesho likabaki vilevile.

Fundi akajiona mjanja. Mteja akimpa advansi ya kununulia mbao, anaipeleka benki. Mbao za mteja huyo atazinunua kwa advansi ya mteja mwingine. Alikuwa anafukia shimo kwa kuchimba jingine. Haukupita muda, wateja wakaanza kumtafuta, na benki nayo ikamtafuta. Simu ikiita, anaizima.

"Kwa nini usiende ukawaeleze?" Mama Pacha aliwahi kumwuliza.

"Nikawaeleze nini? Nikisema sina, si ndiyo watauza nyumba? Wewe nyamaza tu."

Mama Pacha akarudi kwenye kazi zake. Aliogopa. Kila alipowatazama watoto alijiuliza watalala wapi nyumba ikipigwa mnada.

Hodi ikapigwa tena. "Mama, nifungulie tafadhali. Najua mpo. Chai inanukia mpaka huku nje!"

Mama Pacha alikuwa amechoka kujificha kama mwizi nyumbani kwake. Akafungua. Nje alisimama mwanamke wa makamo mwenye mkoba begani. Alikuwa afisa mikopo wa benki.

"Umekuja kutufungia nyumba?" Mama Pacha aliuliza.

"Hapana. Nyumba haiuzwi kwa siku moja. Kuna notisi, na kuna muda. Lakini muda unawaishia mkiwa mmejificha. Mwenzako yuko wapi?"

Mama Pacha aliutazama mlango wa choo. Ukafunguka. Fundi akatoka, vumbi la mbao nyweleni.

"Karibu, dada," akasema, kana kwamba ametoka safari.

Wakakaa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," afisa alisema. "Mkopo unaweza kupangwa upya. Tunaangalia mnachoweza kulipa sasa. Muda wa kulipa unaweza kurefushwa ili rejesho la mwezi lipungue. Hata yale malimbikizo, yaani marejesho ambayo hamkulipa, yanaweza kuingizwa humo humo."

"Yaani mnatusamehe?" Fundi aliuliza.

Afisa akacheka. "Nani kakwambia benki ni shangazi yako? Deni liko palepale. Tena muda ukirefuka, riba ya jumla inaongezeka. Lakini mtapumua. Na benki inaweza kukataa, kwa hiyo semeni kweli tupu. Fundi, kwa mwezi unapata kiasi gani?"

Fundi akatoa kifua mbele, akataja kiasi kikubwa.

Mama Pacha akamgeukia. "Baba Pacha, hapo umehesabu na hela za mbao za watu."

"Si zinapita mkononi mwangu?"

"Zinapita tu! Zina wenyewe!"

"Mama amesema kweli," afisa alisema. "Pato lako ni kile kinachobaki ukishanunua mbao, misumari na gundi. Ukitaja hela zisizo zako, utapangiwa rejesho usiloliweza. Utashindwa tena, na safari hiyo benki inaweza isikusikilize."

Fundi aliinamisha kichwa. Kutaja pato dogo mbele ya mke na mgeni kulimwia kuzito kuliko kubeba kabati. Mwishowe akataja. Mama Pacha hakujua kama ni kidogo hivyo.

"Haya, tunaanzia hapo," afisa alisema kwa upole. "Njooni tawini wote wawili, na mlete risiti za mbao na za kazi ulizouza. Mkataba mpya msome kabla ya kusaini, na mbaki na nakala. Akitokea mtu mtaani anayetaka ada ili awaokoe, au anayesema mwandikishe nyumba kwa jina lake, mkimbieni huyo, si mimi."

Wakapeleka maombi. Kusubiri jibu kulikuwa kubaya kuliko kujificha. Mama Pacha alitia chumvi mara mbili kwenye mboga, na hakuna aliyelalamika.

Hatimaye benki ilikubali. Rejesho likapungua, muda ukarefuka. Fundi akawaendea na wateja wake mmoja mmoja, akawaambia ukweli. Wengine walimgombeza, mmoja alimtukana hadharani. Lakini kwa hela iliyobaki baada ya rejesho jipya alinunua mbao kidogo kidogo, akawatengenezea vitu vyao vyote, na kazi zikaanza kurudi. Sasa advansi ikitoka kwa mteja, inakwenda moja kwa moja kwenye duka la mbao.

Kisha msumeno ukamjeruhi kidole, akakaa siku kadhaa bila kazi. Tarehe ya rejesho ilikuwa inakaribia. Hofu ya zamani ikamrudia Mama Pacha. Alizunguka nyumba nzima akimtafuta mumewe, akiwaza jinsi ya kumshawishi waende benki mapema. Akamkuta uani, anavua viatu.

"Umetoka wapi na kidole hicho?"

"Benki. Nimewaambia kabla ya tarehe kufika. Wamenisogezea mbele kidogo."

"Ulienda peke yako? Hukuogopa?"

"Niliogopa sana, mke wangu," Fundi alisema. "Nikaenda hivyo hivyo."