Pembe Yenye Midomo Miwili

Mpagazi alijikwaa katika gati la Kipini, na pembe kubwa ya bati aliyokuwa ameibeba kichwani ikaanguka. Ikabingirika kati ya magunia ya mpunga, marobota ya ngozi na miguu ya watu, hata ikatua juu ya kinu alichokuwa akikiuza Dhadho. Ulikuwa mwaka wa 1908, siku ya soko, na gati lilikuwa limefurika watu.

Dhadho aliishika. Alikuwa kijana wa Hewani, huko juu ya mto, mchonga vinu, ngoma na mitumbwi, mwenye shuka safi na kizibao kilichofifia rangi. Kabla hajajua amrudishie nani, alisikia kicheko.

"Bibi, tazama! Kinu kimevaa kofia."

Aliinua macho. Msichana alikuwa amesimama kando ya bibi yake, amejifunga leso za mabaka mekundu, ukaya umemfunika nywele. Harufu ya asumini yake ilipenya hata kwenye uvundo wa ngozi mbichi.

"Kofia hii ya nani?" akauliza Dhadho.

"Ya kaka yangu, Athman. Ameleta gramafoni kutoka Mombasa. Wasemaje, fundi, imepinda?"

"Imepinda. Na hata ikinyooshwa, bati litalia kama bati."

"Waijua gramafoni wewe?"

"Siijui. Naijua ngoma."

"Mwanaarusi, yatosha," bibi akakata maneno. "Nawe kijana, maadamu umekwisha kuishika, ilete nyumbani."

Nyumba ile ilikuwa ya chokaa, na ndani yake waliishi Athman, mkewe, mtoto wao mchanga, Mwanaarusi, na mwenye nyumba hasa, Bibi Mwanahamisi. Wanaume walikaa ukumbini. Wanawake chumba cha ndani, nyuma ya ukuta. Sahani ya nyimbo za Kiarabu ilipoanza kuzunguka, bati lilipiga ukelele. Wageni wa ukumbini wakaziba masikio, mtoto akaamka analia, na Bibi akashika kichwa. Huko ndani wanawake hawakusikia wimbo. Walisikia kelele tu.

"Nitachonga pembe ya mkuyu," alisema Dhadho. "Itasikika kwa wote, wala haitamwamsha mtoto."

Athman alikubali. Dhadho akachimbua gogo kama achimbuavyo ngoma, akalipunguza kuta kwa tezo, akalisugua kwa majani ya msasa hata likawa laini. Akalichongea midomo miwili. Mmoja mpana aliuelekeza kwenye ukuta, ili sauti igonge chokaa na kurudi ukumbini kwa upole. Wa pili ulikuwa mwembamba, nao aliupitisha katika tundu la ukuta hadi chumba cha wanawake. Hakuijaribu pembe nyumba ikiwa tupu, kwa kuwa nyumba tupu humdanganya fundi. Alitaka mikeka itandikwe na watu wakae mahali pao pa kila siku, kisha akauliza kupitia mlango wenye pazia.

"Wasikiaje huko?"

"Mwimbaji ana mafua," sauti ya Mwanaarusi ikajibu.

"Nikwangue tena?"

"Kwangua. Au wataka kutukimbia?"

"Nikikimbia, nani atakuchekesha?"

"Mimi ndiye ninayekuchekesha wewe, fundi. Usibadilishe mambo."

Hivyo zikapita wiki tatu. Pembe ilitengenea upesi kuliko alivyokiri Dhadho, naye aliendelea kusugua pasipohitaji kusuguliwa. Siku moja Mwanaarusi akasema kwa sauti ndogo, "Mahadi wa Garsen, mwenye ng'ombe, ameleta posa mara mbili. Kaka angoja kauli yangu."

Mkono wa Dhadho ukasimama. "Usimpe kauli. Kazi ikiisha nitamleta ami yangu, Wako."

"Aje kuchukua gramafoni?"

"Aje kuomba kilicho nyuma ya ukuta."

"Nyuma ya ukuta nimo na mimi," akadakia Bibi Mwanahamisi, "na mahari yangu si haba!"

Wakacheka wote watatu. Kisha Mwanaarusi akasema, "Njoo upesi, Dhadho. Siwezi kunyamaza milele."

Siku ya kumaliza kazi, Athman alikaa ukumbini na rafiki yake Gollo, wakitafuna tambuu. Gramafoni ilikuwa imenyamaza. Dhadho alikuwa akifunga patasi zake.

"Fundi," Athman akasema huku akitabasamu, "pembe moja, wiki tatu! Gollo huyu asema si mkuyu uliokuchelewesha. Asema ni dada yangu."

Kwa desturi, kijana hasemi neno la ndoa kwa kinywa chake. Wazee ndio husema. Tena msichana akijulikana kuwa amepiga soga na mwanamume asiye wake, lawama humwangukia yeye. Ingalimtosha Dhadho kujibu kwamba mambo hayo yana wazee wake. Lakini hofu ilimsukuma mbele kuliko desturi ilivyotaka.

"Dada yako?" akacheka. "Bwana Athman, hata jina lake silijui. Wanawake wa Kipini ni maneno tu, kazi hawana. Mimi narudi Hewani nikaoe kwetu."

Wanaume wakaangua kicheko. Dhadho akatoka akiona amemlinda Mwanaarusi. Muda wote wa kuichonga ile pembe alikuwa akiwaza santuri. Hakuwaza hata mara moja kwamba mdomo upitishao wimbo hupitisha na maneno.

Akapanda mto kwa mtumbwi, akamweleza ami yake, na siku ya nane wakarudi wawili, Wako amevaa kanzu yake ya Idi, na mtungi wa asali mapajani.

Athman aliwapokea kwa adabu, lakini uso wake haukuwa na furaha.

"Mzee wangu, wamwombea nani? Huyu asiyemjua dada yangu hata jina? Jioni ile alipoondoka, Mwanaarusi alinijia mwenyewe, akaikubali posa ya Mahadi. Ijumaa tumesoma fatiha ya uchumba."

Wako akamgeukia Dhadho. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema," Dhadho akajibu. "Ulikuwa uongo. Nilitaka kumlinda."

"Ulinilinda na nani?"

Sauti ilitoka ndani ya pembe, tulivu, karibu kama mtu aliyeketi nao mkekani. Athman alishtuka. Dhadho akautazama ule mkuyu, na hapo ndipo alipofahamu alichokifanya.

"Tulikuwa tumeketi hapa, mimi na Bibi," Mwanaarusi akaendelea. "Tulisikia kila neno, na kicheko chako pia."

"Mwanaarusi, nisamehe. Moyo wangu haukusema vile."

"Najua sasa. Siku ile sikujua."

Athman akashusha pumzi. "Dada, kama humtaki Mahadi, sema. Fatiha itarudishwa. Aibu nitaibeba mimi."

Dhadho aliinama hata sikio lake likakaribia kuigusa pembe, akasikia pumzi ya Mwanaarusi ikipanda na kushuka upande wa pili.

"La, kaka," akasema hatimaye. "Mama yake Mahadi amekuja kutoka Garsen kwa miguu, akanishika mikono, akaniita mwanangu. Hakunikosea. Nimempa neno langu, nami sitamfanyia kama nilivyofanyiwa."

"Mwanaarusi..."

"Ngoja, nimalize. Nakupenda, Dhadho. Nalisema mbele ya kaka yangu na mbele ya ami yako, kwa sababu ni kweli. Sitalisema tena. Nenda salama."

Ikasikika sauti ya nguo ikisukumwa katika tundu la ukuta, hata likaziba. Baada ya hapo Dhadho hakusikia kitu, hata alipoita.

Wako aliuacha mtungi wa asali mlangoni, kwa kuwa si adabu kuondoka na zawadi, akamwongoza Dhadho mtoni kwa kumshika mkono. Walisukuma mtumbwi siku tatu. Huko Hewani mama yake Dhadho alikuwa amekwisha kupaka udongo mpya nyumba ya kumpokea mkwe, akaja mbio hadi ukingoni, mikono ingali na tope.

"Je, mwanangu? Hukumpata?"

Wako alifungua kinywa amsaidie, lakini Dhadho akamzuia.

"Nilimpata, mama," akasema. "Nikamkana."