Kijana Asiyejibu

Upepo wa Agosti ulikuwa umebeba vumbi lote la Uyole na kulimwaga juu ya viwanja vya Nane Nane. Watu walijifunika nyuso kwa mitandio, wakasukumana kutoka banda hadi banda: huku ng'ombe wa maziwa, kule mbegu za viazi, na spika za kila upande zikigombana. Banda la vijana wabunifu lilijaa kwa sababu tu lilikinga upepo. Humo msichana mmoja alisukumwa na umati mpaka akaigonga meza, na simu iliyokuwa juu ya meza, yenye gemu iliyowashwa, ikamwangukia mikononi.

"Usiirudishe," alisema kijana aliyekaa nyuma ya meza. "Cheza kwanza."

Alikuwa mrefu, amevaa koti la jinzi lenye manyoya shingoni na kofia ya sufu iliyomfunika mpaka kwenye nyusi. Msichana alimtazama kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Yeye alivaa baibui jeusi, juu yake sweta la kijivu, na mtandio wa rangi ya tofali uliomkaa vizuri hata katika vumbi lile. Akacheza. Kijana wa kwenye gemu alikimbia, akaruka, akapiga watu rungu. Baada ya muda akairudisha simu mezani.

"Huyu shujaa wako hana tabia."

"Hana adabu?"

"Sijasema adabu, kaka yangu. Nimesema tabia. Ana mbio, ana rungu. Ukimnyang'anya rungu anabaki nani?"

Watu waliokuwa karibu walicheka. Mwenye gemu hakucheka. Wiki nzima ile wageni walikuwa wamemsifia rangi na muziki, na hakuna aliyemwambia neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilijua moyoni.

"Ungekuwa wewe ungemfanyaje?"

"Ninaye mtu wa mfano," alisema, na uso wake ukabadilika kidogo. "Ila si habari ya kusimulia kwenye vumbi."

"Basi nipe namba, tukaisimulie kwenye chai. Mimi naitwa Lugano."

"Ndiyo jina gani hilo?"

"Kwetu Wanyakyusa ni upendo."

"Wee! Umelitunga sasa hivi."

"Kamuulize mama. Yule pale, anauza viazi, mwenye kitenge cha njano."

Msichana alimtazama mama mwenye kitenge cha njano, akamtazama mwanawe, akacheka mpaka akashika tumbo. Msichana aliitwa Asmaa.

Chai ile waliinywa Mwanjelwa, mjini Mbeya, jirani na duka la uchapaji ambamo Asmaa alichora kadi za harusi na mabango. Alikuwa ametoka kwao Iringa, akiishi Sokomatola kwa shangazi yake. Na mtu wa mfano alikuwa Rayyan, mdogo wake wa kiume, aliyefariki akiwa na miaka kumi na sita.

"Rayyan hakubishana na mtu," Asmaa alisimulia huku akizungusha kikombe. "Baba akisema, yeye anaitikia, 'Naam, baba.' Basi. Siku moja baba akamwambia amtupe nje paka kilema aliyeingia dukani. Naam, baba. Akamtoa kwa mlango wa mbele, akamrudisha kwa dirisha la stoo. Yule paka alikaa kwetu miaka, na baba anapiga chafya kila siku, hajui kwa nini."

Lugano alicheka.

"Akaambiwa anyoe nywele. Naam, baba. Akanyoa pembeni tu, pale panapoonekana chini ya kofia! Si mkorofi, Lugano. Hakuwahi kupandisha sauti. Alikuwa anafanya la kwake kimyakimya, na mara nyingi la kwake lilikuwa la huruma."

"Alifariki vipi?"

"Baba alimkataza asiende Idodi. Akasema, naam, baba. Akaenda. Pikipiki ikaanguka njiani." Akakiweka kikombe chini. "Tangu siku ile jina lake halitajwi nyumbani kwetu."

Lugano alirudi chumbani kwake akalifuta rungu. Gemu mpya ikaanza. Kijana aliishi kwa mzee tajiri kwenye mashamba ya mpunga, na kila hatua mzee alimpa amri: funga maji yasifike kwa wajane, fukuza wavuvi, ng'oa mche ule. Kijana aliitikia "naam", akaenda, akatekeleza, ila akaacha upenyo: jiwe dogo kwenye mlango wa mfereji, maji yakapita. Ushindi ulikuwa kufanya lako bila mzee kujua. Asmaa alimchora kijana mwenyewe, akampa bega la Rayyan lililoinama upande mmoja na mwendo wake wa kuburuta kandambili.

Ndipo simu zikaanza.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula kande."

"Tena kande! Nitakuja kukupikia pilau ujue kama dunia ina viungo."

"Ukija mama atakushikisha jembe kwanza."

"Nitasema naam, mama, halafu nitalikimbia."

Kila mmoja alijua kikwazo kiko wapi. Mama yake Lugano, Tumpe, alikuwa mzee wa kanisa kule mlimani kwao. Mzee Junaid, baba yake Asmaa kule Iringa, hakuwa mtu wa kumwoza binti yake kwa asiye Muislamu. Walikubaliana wasilizungumzie mpaka mvua ziishe. Walipendana kwa haraka, kama watu wanaoanika nguo huku wingu linakuja.

Mwezi wa kumi na moja alipiga simu mwanamke mmoja aitwaye Jackline, wa kampuni ya gemu ya Dar es Salaam ambayo Lugano alikuwa ameipelekea kazi yake.

"Gemu yako kali, kaka. Ila shujaa wako kapoa mno. Ni tineja! Anatumwa, anaitikia naam, naam. Vijana wanataka moto. Mfanye ampasulie huyo mzee ukweli. Tutengenezee tangazo fupi tu, tuwaonyeshe wakubwa."

"Lakini akijibu si yeye tena."

"Ni tangazo tu. Ndani ya gemu utamrudisha alivyo."

Lugano alikuwa na miaka ishirini na saba, na vijana wenzake wa kijijini walikuwa wameshamwita mwehu wa simu. Alijiambia kwamba ni tangazo tu. Hakumwambia Asmaa. Alitundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, akaweka sauti yake mwenyewe, maana hakuwa na mtu mwingine: "Mzee mjinga wewe! Nimechoka kutumwa kama punda! Kufa na mali yako!" Na kwa kuwa alihitaji mzee wa kutukanwa haraka, alimchora amesimama katika duka la vitambaa, kofia nyeupe kichwani, ndevu fupi, sweta chini ya kanzu, kama Asmaa alivyowahi kumsimulia.

Tangazo likatoka Dar, likaruka kutoka simu hadi simu. Ijumaa moja liliingia katika kundi la kina mama wa Iringa, na Bi Shufaa, mama yake Asmaa, akalifungua akiwa kwenye kiti chake dukani. Alimwona mwanawe aliyezikwa. Bega lile, kandambili zile. Akamsikia akimtukana baba yake. Alipiga ukelele, na Mzee Junaid akaja akaichukua simu, akaitazama mpaka mwisho, akaitazama tena.

Asmaa alimpigia Lugano kutoka njia panda ya Kabwe, magari yakipiga honi.

"Umefanya nini?"

"Asmaa, nisikilize. Ni tangazo tu, ndani ya gemu..."

"Nilikupa mdogo wangu. Nilikuambia mambo ambayo hata mama hayajui. Ukamfanya mhuni!"

"Nitaliondoa. Leo hii naliondoa."

"Utaliondoa kwenye macho ya baba? Mama yangu hali, Lugano. Hali! Na aliyetukana ni wewe. Nimekusikia. Ni sauti yako."

Simu ikakatwa. Jioni ile alipanda gari kwenda Iringa, na kadi za harusi za watu zikabaki bila kumalizwa.

Lugano alivunja makubaliano na Jackline, tangazo likaondolewa. Lakini lilikuwa limeshafika kwa kila mtu. Alipiga simu, haikupokelewa. Aliandika, hakujibiwa. Mvua zikapiga Mbeya bila huruma. Mama yake alimkuta amekaa sebuleni hajawasha taa, akamwambia, "Mwanangu, mtu huombwa msamaha usoni. Huko kwenye simu unajificha."

Akaenda. Mafinga kulikuwa na ukungu mzito, malori ya mbao yakitambaa kama yanatafuta njia kwa kupapasa. Iringa alipandisha mlima mpaka Miyomboni, akauliza duka la Mzee Junaid, akaonyeshwa. Mzee alikuwa akikunja khanga. Alikuwa mfupi kuliko yule wa kwenye tangazo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee aliitambua sauti, akamtazama. "Wewe ndiye uliyemtia mwanangu matusi mdomoni?"

"Ndiye mimi, mzee. Hata sauti ni yangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Mzee alimaliza kukunja khanga. Akafunga mlango wa duka, akampeleka sebuleni nyuma, akamwita mkewe na binti yake. Asmaa aliingia amevaa dira la bluu lililofifia, amekonda. Hakumsalimu.

"Asmaa anasema kulikuwa na nyingine, kabla ya ile," mzee alisema. "Nionyeshe."

Lugano aliiwasha simu, akaifungua gemu. Mzee wa kwenye gemu akaamuru maji yafungwe. Kijana akainamisha bega. "Naam," akasema. Akaburuta kandambili mpaka mferejini, akafunga mlango, akatazama nyuma, akaweka jiwe. Maji yakapita, membamba, kuelekea shamba la mjane.

Bi Shufaa alijifunika uso kwa mtandio. Mzee Junaid aliishika simu kwa mikono miwili.

"Ndiye," alisema. Kisha akamrudishia Lugano simu. "Mimi hasira yangu si matusi, kijana. Niliposikia yale matusi, unajua niliwaza nini? Niliwaza, laiti. Laiti angenitukana kweli hata mara moja, ningejua anataka nini. Miaka hii yote najiuliza, mwanangu alifuata nini Idodi?"

Asmaa akasema, akitazama sakafu:

"Alitaka kazi ya kuongoza watalii, baba. Kule mbugani. Alikuwa anajifunza majina ya ndege. Alikwenda kuonana na mtu."

"Ndege," mzee alisema, kana kwamba neno lile ni geni kwake. "Nawe ulijua."

"Aliniomba nisikuambie."

"Na alipokufa, nani aliyekuomba?"

Asmaa alilia, na mama yake akalia, na mzee akainuka akaenda kutawadha japo adhuhuri ilikuwa bado. Alipofika mlangoni alisema bila kugeuka, "Nimekusamehe, kijana. Asmaa, msindikize mgeni."

Waliteremka pamoja mpaka stendi ya Igumbilo. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Lugano alimpa koti lake, akalikataa, kisha akalichukua.

"Baba atanisamehe," Asmaa alisema. "Mimi nami nimekusamehe. Nataka uamini hivyo."

"Basi rudi Mbeya, mpenzi. Tuanze upya."

Asmaa alikuwa amefumba macho Lugano alipokuwa anaongea.

"Unaona? Ukiniita mpenzi, namsikia yule. 'Kufa na mali yako.' Sauti ni ileile. Nimejaribu, Lugano. Nilikuwa nasikiliza zile sauti ulizonitumia zamani, za kande, za pilau, najilazimisha. Nasikia matusi."

Gari likaita abiria wa Mbeya. Lugano alipanda bila kusema kwaheri, kwa kuwa kusema ndiko kulikokuwa kunamuumiza mwenzake. Asmaa alibaki kwenye manyunyu na koti la watu mabegani.

Mwezi wa pili, mchana, simu ya Lugano ikaita. Kwenye kioo lilikuwa jina la Asmaa.

"Usiseme kitu," Asmaa alisema haraka. "Ukisema nitakata. Nisikilize tu."

Akamsimulia habari ndogondogo: mama ameanza kula, baba amenunua kitabu chenye picha za ndege na hamruhusu mtu kukigusa. Lugano aliziba mdomo kwa kiganja, akasikiliza. Baada ya hapo Asmaa alipiga mara kwa mara. Ilikuwa vile vile, yeye akisema, mwenzake akipumua. Tumpe alimwona mwanawe ameshika simu sikioni, anatabasamu, anafuta machozi, hasemi neno, akadhani sasa kweli amekuwa mwehu.

Mvua zilipokuwa zinaisha, Asmaa alipiga mapema kuliko kawaida.

"Wamekuja watu kuniposa," alisema. "Anaitwa Obeid, wa Songea, mwalimu. Hakuna aliyenilazimisha. Baba aliniuliza mara tatu, na safari hii alitaka jibu la kweli. Nimemwambia ndiyo, na ni ndiyo." Alivuta pumzi. "Ni mpole. Hakumjua Rayyan. Kwake nitamsimulia nitakapotaka, au nisimsimulie. Wewe nilikupenda, Lugano. Nimekupenda hata katika huku kunyamaza kwako. Ila mimi na wewe tutakuwa tunaishi na yule marehemu katikati, na huyo mwingine uliyemtengeneza. Siwezi."

Nje, watoto walikuwa wanatoka shule. Lugano alisimama dirishani, kiganja mdomoni, machozi yakipita katikati ya vidole.

"Sasa sema," Asmaa alisema. "Mara moja tu. Nataka kusikia."

Alikuwa na maneno ya miezi yote ile, ameyapanga na kuyapangua kila siku. Hakuna hata moja lililokuja.

"Niseme nini, Asmaa?"

Akamsikia akicheka na kulia kwa pamoja.

"Ni wewe," Asmaa alisema. "Wallahi ni wewe tu. Yule mwingine hayupo."

Akakaa kidogo kwenye simu, kama mtu aliyesahau kitu mlangoni, halafu akakata.